Visu vya Sheffield na Madai Matatu ya Makali

Kabla Vita Kuu ya Kwanza haijalipuka, Harry Brearley alikuwa amebandikwa jina la utani katika mji wake wa Sheffield, Uingereza: mvumbuzi wa visu visivyokata. Alikuwa ametoa sampuli za chuma chake kipya kwa mafundi visu wawili wa mjini humo, na wote wawili wakamrudishia jibu lilelile. Hakifuliki, hakishiki ugumu, hakinoleki.

Waliomcheka hawakuwa wababaishaji. Mji wao ulikuwa ukitengeneza visu tangu enzi za Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, ambaye katika Canterbury Tales alimvika msaga nafaka mmoja kisu cha Sheffield, kikiwa kimechomekwa kwenye soksi. Mwaka 1624 Bunge liliunda kwa sheria Chama cha Mafundi Visu wa Hallamshire, kisimamie alama za mafundi, ubora wa kazi na malezi ya vijana wanaojifunza ufundi. Chama hicho kipo mpaka leo.

Mji wenyewe ulikuwa umejaliwa. Mito inayoteremka kutoka vilima vya magharibi ilizungusha magurudumu ya maji, na magurudumu yakazungusha cherehe. Mawe ya mchanga ya kunolea yalichimbwa jirani, na makaa ya mawe hayakuwa mbali. Kilichokosekana ni kitu ambacho mtu angedhani ndicho cha kwanza, yaani chuma kizuri. Chuma cha Kiingereza kwa kawaida kilibeba fosforasi na salfa, na fosforasi ikizidi, bapa huvunjika kwa pigo moja siku ya baridi. Kwa hiyo Sheffield iliagiza chuma safi kutoka Sweden, hasa kile cha mgodi wa Dannemora katika jimbo la Uppland, kikaja kwa meli hadi bandari ya Hull na kutoka hapo kikapanda juu kwa mito na barabara.

Kisu hudaiwa mambo matatu. Makali yakae muda mrefu. Bapa lisivunjike wala kupata mapengo. Kutu isilile. Ugomvi wa mambo hayo matatu unaanzia kwenye kaboni. Chuma kisicho na kaboni ni laini, hujikunja lakini hakivunjiki. Kikipata kaboni ya kutosha, tuseme kuanzia asilimia 0.6 kwenda juu, kikachomwa hadi kuwa chekundu kisha kikachovywa ghafla kwenye maji au mafuta, kinakuwa kigumu mno, na papo hapo kinakuwa tete. Ndiyo maana fundi hakiachi hapo. Hukirudisha kwenye moto mdogo, akitazama rangi inavyotambaa juu ya uso uliosuguliwa: manjano ya majani makavu ni ya kisu, zambarau inafuata, buluu ni ya springi. Kila hatua ya rangi inapunguza ugumu na kurudisha ukakamavu. Mtu akikosea kwa pumzi chache tu, kisu kinakuwa cha kubutuka upesi au cha kumeguka upesi. Sheffield iliishi kwa macho ya watu waliozijua rangi hizo.

Hata hivyo, macho hayasaidii kama kaboni yenyewe imekaa ovyo. Njia ya zamani ilikuwa kupanga fito za chuma cha Sweden ndani ya makasha ya mawe pamoja na unga wa makaa ya miti, kuziba, na kuchoma kwa siku nyingi mfululizo hadi kaboni ipenye. Ilipenya kweli, lakini kwa upendeleo: nje nyingi, ndani kidogo, na katikati makombo ya takataka za tanuru. Kisu kimoja kiliweza kuwa na sehemu ngumu na sehemu laini kwenye makali yaleyale.

Aliyeikata mzizi shida hiyo hakuwa fundi visu bali fundi saa. Benjamin Huntsman wa Doncaster alichoshwa na springi za saa zilizokuwa zikimvunjikia. Akahamia Handsworth, kando ya Sheffield, na katika miaka ya 1740 akafanikiwa kuyeyusha chuma chenye kaboni ndani ya vyungu vya udongo vilivyofungwa, kwenye moto wa makaa yaliyochomwa awali. Kikishayeyuka, kaboni hujisambaza sawasawa na takataka huelea juu. Mafundi visu wa Sheffield walikikataa. Kilikuwa kigumu kuliko walichozoea, na kilihitaji mkono mwingine kwenye fuawe. Huntsman akawauzia Wafaransa. Wenyeji walianza kukitaka pale visu vya Ufaransa vilipoanza kuwatoa jasho sokoni, na mjini ikabaki hadithi kuwa mshindani mmoja aliiba siri ya Huntsman kwa kubisha mlangoni usiku wa theluji, amevaa kama ombaomba, akiomba kuota moto.

Hadithi hiyo si lazima kuiamini. Kinachoaminika ni kazi yenyewe, maana karakana ya vyungu iliyopo Abbeydale, kusini-magharibi mwa mji, imehifadhiwa kama makumbusho. Udongo wa vyungu ulikandwa kwa miguu mitupu kwa saa kadhaa, kwa sababu wayo huhisi kijiwe ambacho jembe haliwezi kukihisi, na kijiwe kimoja au povu moja la hewa lilitosha kupasua chungu ndani ya moto. Chungu kilidumu kwa myeyusho mara tatu hivi, kisha kikatupwa. Moto ulipokolea, mtu alisimama juu ya shimo la tanuri akiwa amejifunga magunia yaliyoloa maji miguuni, akashusha koleo ndefu na kuvuta juu chungu kilichokuwa cheupe kwa joto, chenye chuma kioevu cha zaidi ya nyuzi 1,500. Mwingine alikimimina kwenye kalibu kwa mkono mmoja usiotetemeka, kwani mkondo ukigusa ukuta wa kalibu, fito inaharibika. Hakukuwa na kipimajoto. Mzee wa tanuri alifunua kifuniko, akachungulia, akaamua.

Bei nyingine ya makali ililipwa kwenye cherehe. Mnoaji alikaa kama aliyepanda farasi, ameinamia jiwe linalozunguka, akivuta vumbi la mawe na chuma mchana kutwa. Katika miaka ya 1840 Friedrich Engels alinukuu hesabu za daktari wa Sheffield, Arnold Knight: waliokuwa wakinoa kwa jiwe kavu hawakufikia kwa kawaida zaidi ya miaka 35, na wa jiwe lililoloweshwa mara chache walivuka 45. Watangazaji wa visu hawakuandika hilo kwenye orodha zao za bidhaa.

Wakati huohuo kulikuwa na chuma kingine cha chungu, cha kale kuliko cha Huntsman kwa karne nyingi. Kusini mwa Bara Hindi na Sri Lanka wahunzi walikuwa wakiyeyusha donge ndogo ndogo zenye kaboni ya asilimia 1.5 hivi, na donge hizo zilisafiri Bahari ya Hindi hadi kwa mafundi panga wa Uajemi na Shamu. Biashara ya chuma katika bahari hiyo iligusa hata pwani ya Afrika: al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kuwa chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi na kugeuzwa silaha huko kwao. Mwishoni mwa karne ya 18 donge za Kihindi zilitumwa London kutoka Bombay, wataalamu wakaanza kujiuliza siri yake ni nini.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa mhunzi. Michael Faraday, kabla hajawa jina kubwa la umeme, alishirikiana na fundi visu wa London, James Stodart, kuchanganya chuma na kila metali waliyoweza kuipata, kuanzia fedha hadi platini. Mwaka 1821 Mfaransa Pierre Berthier alitangaza kuwa chuma chenye kromiamu huvumilia tindikali, na akadokeza kuwa kingefaa kwa visu. Faraday na Stodart wakajaribu nao. Majaribio yao makubwa yalifanyikia Sheffield, kwenye kiwanda cha ndugu wa Sanderson. Kromiamu ikawa imetiwa kwenye chuma miaka 90 hivi kabla ya Brearley! Lakini waliitia kidogo, asilimia tatu au pungufu tu, na kwa kiasi hicho chuma hupata ugumu, kutu hakiachani nayo. Jambo likalala.

Basi karne nzima ya 19 meza za matajiri wa Ulaya ziliendelea kukatia kwa chuma cha kaboni. Kilikata vizuri mno, na kiliharibika upesi mno. Siki ilikitia weusi. Chungwa vilevile. Samaki mwenye limau alipata ladha ya chuma, na ndiyo sababu visu vya samaki na vya matunda vilitengenezwa kwa fedha. Nyumba kubwa zilinunua mashine ya kusugulia visu ya George Kent wa London, mzinga wa mbao wenye brashi ndani, na kijana wa kazi akazungusha mkono wa mashine baada ya kila mlo. Mpishi yeyote wa Tanga au Lamu aliyewahi kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha kawaida anaijua rangi ile nyeusi bila kuelezwa.

Mipini ya visu hivyo vya fahari ilikuwa ya pembe za ndovu. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield ilikuwa na ghala lake la pembe, zilizopangwa sakafuni, na pembe za Afrika Mashariki, zilizobebwa mabegani mwa wapagazi toka bara na kupita soko la Unguja, zilikuwa sehemu ya biashara iliyolisha viwanda vya Ulaya na Marekani. Anayevisifu visu vya zama za Malkia Victoria kwa uzuri wake hana budi kuhesabu na hilo.

Brearley alizaliwa mwaka 1871 katika mji huo wa moshi, mwana wa myeyusha chuma, naye akaanza kazi akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kufikia 1912 alikuwa mkuu wa maabara iliyoendeshwa na viwanda viwili vikubwa vya Sheffield, Firth na Brown. Aliletewa tatizo la bunduki: mitutu ilikuwa ikiliwa ndani na joto la risasi. Akafikiria kromiamu kwa sababu huinua kiwango cha kuyeyuka. Tarehe 13 Agosti 1913 ilimiminwa fito yenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipotaka kuichunguza kwa darubini, ilibidi uso wake uumwe kwanza na tindikali, kama ilivyo desturi. Haukuumwa. Akajaribu siki na maji ya limau, ukabaki unang'aa.

Wengine walikuwa njia moja naye. Ujerumani, wataalamu wa Krupp walikuwa wameshapata hataza ya chuma cha kromiamu na nikeli mwaka 1912, na Marekani Elwood Haynes alikuwa akidai haki yake. Tofauti ni kwamba Brearley alikuwa mtu wa Sheffield: mbele ya chuma kisichoshika kutu, yeye aliona kisu.

Kilichofuata ni kile kicheko. Sababu yake inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo somo kubwa katika habari nzima ya vyuma vya visu. Chuma cha kaboni huchovywa kikiwa na joto la nyuzi 780 au 800 hivi, wekundu wa tunda la cheri kama mafundi walivyofundishwa na baba zao. Chuma cha Brearley kinataka nyuzi 950 hadi 1,050. Fundi aliyekichoma kwa rangi ya baba yake aliiacha kaboni imejifungia ndani ya chembe za kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, na kisu kikatoka laini kama kijiko. Zaidi ya hayo, chuma hiki hakihitaji hata maji: kinakuwa kigumu kwa kupoa hewani tu. Kwa hiyo wale waliokifua kikapoa kidogo, kisha wakakipiga muhuri au kukikata, waliharibu vifaa vyao wakakilaani chuma. Walikuwa wamekifanya laini pale kilipotakiwa kuwa kigumu, na kigumu pale kilipotakiwa kuwa laini.

Aliyekiokoa ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha R. F. Mosley. Majaribio yake ya kwanza nayo yalivunja vifaa. Katika jaribio la tatu, Brearley akiwa amesimama pembeni, joto lilipatikana, na visu vikatoka. Vita ikaingia, chuma hicho kikachukuliwa kwa ajili ya vali za injini za ndege, na Brearley akawa ameshajiuzulu mwaka 1915 baada ya kugombana na wakubwa wake kuhusu haki ya ugunduzi. Baada ya vita meza zikageuka. Mashine za kusugulia visu zikapelekwa stoo.

Lakini wale waliocheka walikuwa na nusu ya ukweli. Hata kikichomwa ipasavyo, kisu cha kaboni asilimia 0.24 hakiwezi kukaa na makali kama cha asilimia 1. Jibu lililo wazi ni kuongeza kaboni, na hapo ndipo mtego ulipo. Kaboni inapenda kromiamu. Ukiiongeza, inanyakua kromiamu na kujifungia nayo kwenye kabaidi, na kromiamu iliyofungwa hailindi chuma na kutu. Basi unaongeza kromiamu nyingine kufidia, kabaidi zinakuwa nyingi na kubwa, na bapa linaanza kumeguka. Chuma cha Kimarekani kiitwacho 440C ndicho mfano wake: kaboni asilimia 1 hivi, kromiamu 16 hadi 18. Kinang'aa, kinakata, na kikigonga mfupa kinapata pengo. Wajerumani walikwenda upande mwingine. Visu vingi vya jikoni vya Solingen hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni nusu asilimia na kromiamu 15, ambacho hubutuka mapema lakini mpishi hukirudisha kwa kukipitisha mara chache kwenye fito ya kunolea.

Kuna waliojitoa kabisa kwenye mashindano hayo. Kampuni ya Ralph Martindale, iliyoanza Birmingham mwaka 1874 na kujulikana Afrika kwa panga zenye nembo ya mamba, haikujali kutu wala makali ya kudumu. Panga hupiga kisiki, jiwe na mzizi kwa siku moja. Inatakiwa isivunjike, na iwe laini kiasi cha kunoleka kwa tupa palepale shambani. Wahunzi wa Kenya na Tanzania wanaofua sime na visu kutokana na springi za magari mabovu wamefikia uamuzi huohuo bila kusoma jedwali lolote: springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na ilishapitia miaka ya mashimo ya barabarani bila kukatika.

Sheffield nayo ikageuza ubishi wa mafundi kuwa vipimo. Taasisi ya utafiti ya CATRA, iliyoundwa mjini humo mwaka 1952, ina mashine inayoshika kisu makali yakiwa juu, kisha rundo la karatasi ngumu zenye mchanga wa silika asilimia 5 hushushwa juu yake kwa uzito uleule, na kisu husogezwa mbele na nyuma mara 60. Jumla ya milimita zilizokatwa ndiyo alama ya kisu. Ni kipimo cha haki, kwa kazi yake. Kinapima kusagika. Hakisemi lolote kuhusu kuvunjika, na panga la mamba lingetia aibu mbele yake. Wanunuzi wa leo wanaolinganisha vyuma kwa namba hiyo pekee wanarudia kosa la waliomcheka Brearley kwa njia ya kisasa zaidi.

Hatua kubwa iliyofuata ilifanyika Marekani, ila kwa mkono wa Sheffield. Mwaka 1876 Sanderson, walewale waliomyeyushia Faraday, walinunua kiwanda huko Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1900 kiwanda hicho kiliunganishwa na vingine kuwa Crucible Steel Company of America, jina lililotokana na chungu cha Huntsman. Mwaka 1970 Crucible ilianza kuuza chuma cha unga. Chuma kioevu hupulizwa kwa gesi hadi kuwa matone madogo, kila tone likiganda kabla kabaidi hazijapata nafasi ya kukua, kisha unga hubanwa kwa joto na shinikizo kuwa fito. Sasa iliwezekana kutia vanadiamu nyingi, ambayo kabaidi zake ni ngumu kuliko za kromiamu, bila bapa kuwa tete kupita kiasi. Mwaka 2001 ikatoka S30V, iliyotengenezwa mahsusi kwa visu, ikiwa na kromiamu asilimia 14 na vanadiamu 4.

Miaka 20 baadaye mtaalamu wa metali Larrin Thomas akaugeuza mtego wa kaboni juu chini. Chuma chake, MagnaCut, kina kromiamu asilimia 10.7 tu, pungufu ya ile ya Brearley, lakini vanadiamu na niobiamu zimepangwa ziinyakue kaboni kwanza. Kromiamu inabaki huru yote. Matokeo yake, kinashinda S30V kwa kustahimili kutu na kwa kutovunjika pia, kwenye makali vikikaribiana. Kikichomwa vibaya, bila shaka, nacho kinakuwa kisu kisichokata.

Sheffield yenyewe ilipoteza viwanda vyake vingi vya visu katika nusu ya pili ya karne ya 20. Stan Shaw, fundi mashuhuri wa visu vya mfukoni aliyefanya kazi kwa mkono tangu ujana wake, alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94. Crucible iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2024, na mwaka uliofuata haki za vyuma vyake vya unga zikanunuliwa na Erasteel, ambayo kiwanda chake cha unga wa chuma kipo Söderfors, Sweden, katika jimbo lilelile la Uppland lililokuwa likiipelekea Sheffield fito za Dannemora.